Uzi wa Upinde wa Mjomba

Binamu yangu mpendwa,

Kwa heshima zote natangaza kwamba uzi wa upinde wa baba yako hatunao tena. Umekatika Jumamosi mawindoni, mikononi mwake mwenyewe.

Sisi hatujambo, kuku wanataga. Mjomba alitia upinde na mishale kwenye gunia moja, eti kupunguza mizigo, na ncha za mishale zikaukwangua uzi njia nzima. Tulipofika porini nikaona umeanza kufumuka.

"Mjomba, huu usiuvute."

"Huu nimeuvuta kabla hujazaliwa."

"Ndiyo maana umechoka."

Hakunisikiliza. Alimlenga nguruwe pori, akavuta, uzi ukakatika na kumchapa jichoni.

Amenikataza kukuandikia habari za jicho, kwa hiyo nakuandikia. Mwanzoni halikuona kitu, nami usingizi ulinipaa. Leo daktari ameondoa bandeji. Linaona vizuri, na tayari limeona nisivyojua kufagia. Usikate tiketi.

Majirani anawaambia kwamba nguruwe alimrukia.

Nakusalimu sana,
Mpwa wa baba yako

Tena: yule nguruwe nilimwendea nikamtazama. Ni kisiki.