Mlolongo wa Kadzo

Mjukuu wangu Mapenzi,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Ganda hatujambo, na yule mbuzi wako kazaa pacha.

Unauliza kwa nini siku ya kura siondoki kituoni mpaka wamalize kuhesabu. Zamani tulipiga kura kwa kupanga mlolongo nyuma ya mgombea tunayemtaka. Mlolongo wa mgombea wetu ulifika barabarani. Wa mpinzani wake haukutoka hata uwanja wa shule. Wakamtangaza mpinzani.

Kesho yake tukaenda Malindi, tukajipanga vile vile mbele ya ofisi ya serikali, kila mtu na nafasi yake, ili watuhesabu tena. Hatukurusha hata jiwe. Askari wakaja na marungu, tukatawanyika. Nilipogeuka, rafiki yangu Kadzo, aliyekuwa mbele yangu, alikuwa bado amesimama pale pale, peke yake.

Alirudi nyumbani baada ya wiki mbili, mkono una plasta. Nikamgombeza: "We Kadzo, mbona hukukimbia?"

"Ningetoka, wangesema hakukuwa na mtu."

Miaka yote hii sijatulia, mjukuu wangu. Ile nafasi nyuma yake ilikuwa yangu.

Bibi yako