Nilisamehewa ku mikro

Princesse rafiki yangu, mi najificha nyuma ya kanisa!

Padri alihubiri, akasema Karema, ile Kwaresima yetu, ni wakati ya kusameheana. Mama Angèle, prezida wa korale yetu ya kuimba, akakamata mikro: "Mbele ya Mungu, namusamehe Naomie kwa yote alinitendea."

Naomie! Ni mi! Yote GANI? Na bantu bakapiga makofi!

Nikamukumbatia, nikamuuliza ku sikio: "Mama, nilikukosea nini?"

"Niliisha kukusamehe, mwana. Usirudilie tu."

Nisirudilie NINI, Princesse?

Dimitri, muchumba wangu, alisikia yote, akarudia ku kazi kule Mashamba bila kuniaga.

Mama yangu akanivuta pembeni: "Sema kweli, ulimunyanganya Mama Angèle bwana?"

"Mama, ule ni mujane!"

Akawaza kidogo. "Basi omba tu musamaha. Pasaka iko karibu."