Bado Unapika Kwenye Orodha Yao

Mama Chelimo wangu,

Nakuandikia kwa kalamu ya Chelimo binti yetu, hii inayovuja. Bahasha sinunui kwa sababu sijui huko mnakaa ploti gani. Barua itabaki wazi, asome anayetaka. Wewe ulijua ubaya wangu wote na bado ukanipikia, wengine wakiujua watanifanya nini? Makosa ya kuandika uyavumilie. Unajua shule na mimi tuliachana darasa la tano, na sio mimi niliyelia.

Unakumbuka siku ya mkutano pale uwanja wa kanisa, hapa Kapseret, watu wa mradi walipoleta majiko? Tulikaa mstari wa nyuma, mimi nimevuta kofia niweze kusinzia. Yule bwana wa mradi alieleza vizuri sana. Ati jiko hili linakula kuni kidogo na kutoa moshi kidogo. Na ule moshi ambao mama wa Kapseret hakuutoa unahesabiwa, unaandikwa, halafu mtu wa ng'ambo anaununua ili aendelee kupanda ndege yake na roho safi.

Nikainua mkono. "Kwa hivyo mtu akijamba huko kwao, ni mimi nafungua dirisha hapa?"

Watu walicheka mpaka pasta akajifanya anakohoa. Wewe hukucheka. Ulisimama, ukauliza kwa ile sauti yako ya chini, "Na huyo mtu, kwa nini asipunguze moshi wake mwenyewe?"

Yule bwana akasema huyo mtu atapunguza pia, polepole. Hapo ndege ikapita juu yetu ikienda kutua, tukanyamaza wote tukingoja imalize kelele zake. Baadaye wakaita jina lako, wakakupiga picha umeshika jiko, namba yake imegongwa ubavuni. Njiani nilikutania kwamba sasa wewe ni bibi ya watu wawili, maana kuna mwingine ng'ambo anayetegemea kupika kwako. Ukanijibu, "Na wewe utategemea kulala njaa usipofunga hiyo mdomo."

Jiko lilifanya kazi siku kumi, labda hazikufika. Lina mlango mdogo, linataka kuni nyembamba, zilizopasuliwa na kukauka vizuri. Kupasua ilikuwa kazi yangu. Siku ya kwanza nilipasua. Siku ya pili nilipasua nikinung'unika. Ya tatu nikashikwa na mgongo, mgongo ambao haukuwahi kunishika nikienda kunywa busaa. Ukaniambia, "Baba Chelimo, nipasulie tu za asubuhi, za jioni nitajitafutia." Nikasema kesho. Tena nikasema ati ugali wa jiko hilo hauna ladha, ni kama chai ya hospitali. Uongo mtupu. Ugali ulikuwa ule ule.

Ukarudi kwa mawe matatu, kwa sababu pale gogo linaingia zima, unasukuma tu. Jiko likakaa pembeni, kuku akataga ndani. Watu wa mradi walipopiga simu kuuliza kama linatumika, nilijibu, "Sana!" huku nakuangalia umeinama, macho mekundu, unapuliza moto. Ulitikisa kichwa. Mimi nilicheka. Niliona tumewachezea wenye ndege.

Kikohozi kilipoanza sikuwa mume mbaya, ama hivyo ndivyo nilijiambia. Kila nikienda Eldoret mjini kununua chumvi ya ng'ombe nilikuletea dawa ya chupa, ile tamu. Nikakuletea mafuta ya kupaka kifua. Nikakuletea sweta nzito. Ningekuletea duka zima, bora tu nisishike shoka. Ulikunywa dawa, ukafunga kifuniko, ukainama tena kwenye moto ule ule. Na mimi nilitoka nje nikijisikia nimefanya kazi yangu. Siku hizi nikimfikiria yule mtu wa ng'ambo, nashindwa hata kumtukana. Namjua sana.

Daktari kule mjini alitazama picha ya kifua chako, akaniuliza umevuta sigara miaka mingapi. Nikasema, "Huyu? Huyu hata ugoro akiuona anapiga chafya." Hakucheka. Akauliza, "Anapikia wapi?"

Ulinitazama kutoka kitandani, kisha ukamwambia, "Tuna jiko nzuri, daktari." Ulinifichia aibu kwa pumzi ambayo hukuwa nayo ya kutosha.

Tulipomaliza kukuzika, nilimtoa kuku, nikafagia jiko, nikaenda kupasua kuni. Mzee mzima, machozi na kamasi, shoka linakwenda upande huu na mimi upande ule. Nikawasha. Na sasa nikuambie kitu kilichoniumiza kuliko matanga yote, Mama Chelimo: linafanya kazi. Linatoa moshi kidogo tu, kama wa mtu anayevuta sigara akijificha. Nilikaa pale nikaingiza uso karibu, uniwashe hata mimi. Haukuniwasha.

Simu ziliendelea. Kuna binti wa mradi anaitwa Nafula, mtu wa Bungoma anayekaa Langas, ana adabu sana. "Mzee, jiko linatumika?" Linatumika. "Na mama hajambo?" Hajambo. "Bado anapika?" Anapika. Sikudanganya kwa ajili ya jiko. Nilipenda tu kwamba kuna mtu mmoja hapa duniani anayekuulizia kama mtu aliye hai, na mimi namjibu kama umetoka kidogo kuchota maji. Siku moja Chelimo alinisikia. Akatoka nje akalia, akarudi amejifuta. "Baba, acha. Ama uwaambie ukweli, ama hiyo simu usiishike."

Wiki iliyopita Nafula alikuja mwenyewe na bodaboda kukagua. "Mama yuko wapi nimsalimie?" Nilikuwa na majibu manne ya kijinga tayari mdomoni. Hayakutoka.

"Amekufa, binti yangu. Mwaka wa pili huu."

Akakaa kwenye kigoda chako. "Lakini Mzee, si uliniambia hajambo?"

"Nilikuambia."

Akachungulia jiko, akaona majivu mapya, akatoa mashine yake ya mkononi. "Pole sana. Lakini naona linatumika. Usijali, nitabadilisha jina tu kwenye orodha, niweke lako. Ile miaka ya nyuma inabaki vile iko."

Alitaka kunisaidia, simlaumu. Lakini ile miaka ya nyuma ni wewe. Kuna mtu amepanda ndege kwa moshi ambao ati hukuutoa, na wewe uliutoa na kuuvuta, ukauvuta mpaka mwisho. Ibaki vile iko namna gani?

Nikasema, "Hapana. Mfute."

"Nikifuta lazima niweke sababu, Mzee. Hapa kuna jiko kuharibika, ama mwenye jiko kuhama."

"Hakuhama. Andika alipokuwa hai halikutumika."

"Wataniuliza kwa nini."

"Andika bwana yake alikataa kupasua kuni."

Alinitazama usoni akitafuta kicheko, maana ananijua kwa simu. "Mzee, unatania?"

"Leo hapana."

Akaandika, akanisomea neno kwa neno. Halafu mashine yake ikauliza kama tuna uhakika, naye akanigeuzia nibonyeze mwenyewe. Picha yako ilikuwa pale, Mama Chelimo. Umeshika jiko kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, unacheka. Sijui ulikuwa unacheka na nani, kwa sababu mimi siku hiyo ulikuwa umeninunia.

Kidole changu ni kigumu, mara ya kwanza mashine haikusikia. Nikabonyeza tena. Ukatoka.

Hakuna mtu atakayepiga simu tena kukuulizia. Kaa vizuri huko, mama.

Ni mimi bwana yako,
Baba Chelimo