Memori Aliyoniletea Kiptanui

Jumapili, 1 Agosti 1999
Kiptanui, mchumba wangu, amekuja moja kwa moja kutoka kanisani, bisibisi mfukoni mwa koti! Zawadi ya koito, ya posa yetu, anasema. Wengine wanaletewa leso, mimi nimeletewa memori ya kompyuta. Amefungua kompyuta ya ofisi yangu ya kuchapa hapa Silibwet, akapachika kipande kipya kando ya kile cha zamani, akaweka na Windows 98. Sasa inawaka mbio, ajabu! Akacheka kama mtoto. Mimi pia. Jumamosi ya tarehe kumi na nne watu wao wanakuja kwetu kuniposa rasmi. Siwezi kutulia. Nimefagia ofisi iliyokwisha kufagiwa.

Jumanne, 3 Agosti
Imekufa ghafla. Skrini bluu, maandishi meupe, basi. Nilikuwa katikati ya kadi za harusi za watu wa Kiptere. Nikaizima, nikaiwasha, ikakubali. Alasiri — bluu tena. Nimempigia Kiptanui simu kule Kericho, kwenye duka la kompyuta anakofanya kazi. Anasema ni stima. Stima ya Silibwet ni mbaya, anasema. Lakini taa haikucheza hata kidogo!

Jumatano, 4 Agosti
Siku mbaya. Ogoti, fundi wa nguo, jirani yangu ukuta kwa ukuta, amefiwa na mkewe, Esnah. Kesho kutwa wanamzika kwao Kisii. Amekuja nimchapie maneno ya mazishi. Akakaa, akaanza kunieleza: vile walikutana Roret yule mama akichuma chai, vile walipoteza mtoto wa kwanza, vile Esnah alikuwa akiimba akipiga pasi nguo za wateja. Akalia. Mimi nachapa, nachapa, sijasevu — niliogopa kumkatiza.
Bluu!
Yote yamekwenda. Nikamwambia. Akasema, "Si neno, dada yangu. Tuanze tena." Lakini mara ya pili hakulia. Alisema jina, mwaka, watoto. Ya kuimba hakurudia, na mimi nikaona haya kumkumbusha. Nimemchapia ukurasa mmoja mkavu kama tangazo la chifu.
Sijala kitu.

Ijumaa, 6 Agosti
Kiptanui amekuja. Sasa si stima, ni virusi. Eti ni disketi za wanafunzi wanaokuja kuchapa barua za kazi. Akakagua kila kitu. Hakuna kirusi. Nikasema polepole, labda tutoe ile memori, tuone. Uso wake ukakunjamana. "Unataka kunifundisha kazi yangu?" Kisha akacheka, lakini cheko la juu juu. Chai alikunywa amesimama.

Jumatatu, 9 Agosti
Asubuhi yote bluu, bluu, bluu. Nimefunga mlango. Nimechomoa waya ukutani, nimefungua kifuniko mwenyewe, polepole kama naiba. Kwa ofisi yangu! Nikatoa kile kipande kipya, nikakifunga kwa kitambaa.
Imefanya kazi mpaka jioni. Haijagoma hata mara moja. Na badala ya kufurahi — nimekaa nikikitazama kile kitambaa.

Jumanne, 10 Agosti
Nimekirudisha, nijue kwa hakika. Kabla sijamaliza barua moja — bluu. Nimekitoa. Salama. Basi najua.
Senge Janeffer, dada ya baba, amepita kuniletea gauni nijaribu. Nimemweleza. Anasema mwanamume haambiwi mambo kama hayo wiki ya koito. Ngoja, anasema, utamwambia mkishapata watoto. Alikuwa anatania. Gauni linabana kwapani.

Alhamisi, 12 Agosti
Nimemwambia.
Hakuamini. Akakipachika kile kipande mwenyewe, akawasha, akavuta kiti. Tukakaa tukitazama skrini kama watu wanaongojea daktari atoke. Mvua ikaanza kupiga mabati. Nilikuwa namwombea, kweli — nilitaka isigome, niwe mimi mjinga tu. Ikaja bluu.
Nilidhani atacheka! Kipande kibovu ni kipande kibovu, hakukitengeneza yeye. Akasema, "Hii kompyuta yako ni mzee. Haiwezi kubeba vitu vipya." Nikasema bila hicho inafanya kazi vizuri. Akageuka. "Na nani alikuruhusu ufungue?"
Kuruhusu. Ofisi hii niliianza kabla sijamjua.
Nikamweleza habari za Ogoti, vile maneno ya Esnah yalipotea. Nilitaka tu aelewe. Akasema, "Si alizikwa lakini?"
Akafunga kifuniko, akakaza skrubu zote. Kipande amekiacha ndani. Akaondoka na mvua.

Jumamosi, 14 Agosti
Wamefika. Naandikia magotini, chumbani. Sebule imejaa wazee, jikoni akina mama wanamimina mursik, maziwa yetu ya mgando ya kibuyu, watu wanacheka. Nimechungulia — Kiptanui ameketi katikati ya wajomba zake, suti ya kijivu, kijana mzuri kabisa. Moyo ulimkimbilia, sikatai. Baadaye nitaitwa, niulizwe mbele ya wote kama nawajua wageni hawa, na kama nimekubali.
Dada yake Chepchirchir ameingia sasa hivi, ananinong'oneza. Kiptanui anaomba yale mambo ya memori nisiseme mbele ya watu. Na nisifungue tena kompyuta — tukishaoana ataifungua mwenyewe.
Nikauliza, amesema pole?
Chepchirchir akanitazama kama sijui Kiswahili. "Pole ya nini?"
Akatoka.
Senge amebisha mlango. Wananiita. Nimesema nakuja — sijasimama. Nimevaa kiatu kimoja. Senge amerudi, anabisha kwa nguvu, anasema wazee wamemaliza chai.
Sasa ni Baba mwenyewe ananiita. Na huko sebuleni wote wamenyamaza, wasikie.