Kahawa Huku na Huku ya Kamba

Bukoba, Aprili 2023. Mwaka wa thelathini na nne tangu tuondoke huku.

Mdogo wangu Mugisha, natumaini kikohozi kimekuachia hapo Morogoro.

Jana nilifika Muleba kwa dada yetu, lakini sikumgusa. Alimuuguza jirani aliyekufa kwa homa hii ya Marburg, kwa hiyo sasa anaangaliwa. Mbele ya nyumba pamefungwa kamba ya mgomba, na mgeni haivuki. Mhudumu wa afya hupita asubuhi na jioni kumpima joto. Mpaka sasa ni mzima.

Alitaka kunikaribisha kwa kahawa ya kutafuna, kutoka kiganja chake hadi changu, kama Mama alivyotulea. Mhudumu akapiga kelele: "Bibi, mita mbili!"

"Kwa huyu?" dada akacheka. "Mita mbili kwake ni karibu mno. Muulize alikuwa wapi."

Mhudumu akaenda kuomba kahawa nyumba ya pili, akamwekea kila mmoja zake juu ya jani, huku na huku ya kamba. Tukatafuna tukitazamana. Mvua ikaanza kunyesha, wala hakuna aliyejificha.

Dawa zangu za moyo zinakwisha, kesho napanda basi. Dada ameniambia kamba ikifunguliwa nije tule panzi wetu wa senene msimu ukifika. Nikaitikia.

Jifunike vizuri usiku, ndugu yangu, na umwombee. Wewe nakwambia kweli: moyo huu hauiwezi tena safari hii, sitarudi.

Kaka yako