Mtihani Ungemfuata Wodini

Nasiba, siamini niliyoyasikia leo kwa Bi Mwanabibi jirani!

Ule ugonjwa wa bintiye Afiya ulikuwa uongo mtupu. Alijifungua wiki ileile ya mtihani wa kidato cha nne, mamake akamficha kwa aibu, na simu za shule akawa hazipokei.

Leo mwalimu kaja mwenyewe. "Mama, ungetuambia tu! Mtihani angeletewa hadi wodini, na msimamizi wake."

Hadi wodini, Nasiba! Sasa hana matokeo, mpaka mwakani arudie masomo yote.

Mwanabibi anakunjakunja pembe ya leso.

Mara Afiya akatokeza mlangoni, mtoto begani. Wala hakulia. Alimtazama mamake tu:

"Si uliniambia walimu wamekataa?"