Ngata ya Kukalia

Jumatatu, 13 Novemba 1961

Chooni mara nne kabla ya chai. Jana zilikuwa sita. Naendelea vizuri.

Nimeshona wima tena. Cherehani ya mkono juu ya meza ndefu, mimi nimesimama kama askari wa zamu. Mji mzima unataka bendera kabla ya Uhuru. Wateja wanadhani ni bidii.

Ukweli ni kwamba siwezi kukaa. Mwezi wa pili, Nairobi, walinikata saratani pale pale kwenye njia ya haja kubwa, wakachoma kilichobaki kwa miale. Ugonjwa umekwisha, daktari kasema. Pamebaki panawaka kama pilipili, na haja ikiita haingoji. Watu nimewaambia ni tumbo. Tumbo na pale ni majirani, kwa hiyo uongo wenyewe ni mdogo.

Lakini nina furaha. Nilidhani nitarudi Mwanza ndani ya sanduku.

Alhamisi, 16 Novemba

Barua kutoka Nansio. Ndoa ya binti yangu Salma ni Jumapili tarehe 3 Desemba, nyumbani kwa mama yangu, bibi yake aliyemlea. Ilikuwa iwe mwezi wa pili. Salma aliwaambia wakwe atangoja, baba yake ataniozesha mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyoandika, kachanganya maneno kwa haraka. Wakamwambia huenda baba asirudi. Akasema basi atangoja zaidi.

Nimeisoma nimesimama. Nimelia.

Kisha nikafikiria. Safari ya meli. Halafu kukaa mkekani mbele ya wanaume, mkono wa bwana harusi mkononi mwangu, mpaka hotuba ya sheikh iishe na maneno yasemwe. Kuinuka katikati ni aibu. Mkekani simalizi dakika tano.

Jumapili, 19 Novemba

Hamisi, mdogo wangu, kaja. Kasema nimpe uwakala, atamwozesha Salma kwa niaba yangu. Anasema kwa wema. Kanzu yake tayari iko kwa dobi.

Nimekasirika mpaka nikakimbilia chooni. Hasira haikuwa sababu pekee.

Jumatano, 22 Novemba

Mwanamke kapita mbele ya duka na debe la maji kichwani. Mikono haishiki kitu, anacheka na mwenzake, hata tone halimwagiki. Nimemtazama mpaka akapotea kwenye kona.

Mama Salma akauliza, "Unamtazamia nini mke wa watu, Baba Salma?"

Nikamwambia natazama ngata yake, lile duara la kitambaa chini ya debe. Hakuamini. Ni haki yake.

Lakini ni kweli. Ngata inabeba mzigo pembeni, katikati patupu. Miezi tisa nahangaika na mito, kumbe dawa inapita barabarani kila siku.

Alhamisi, 23 Novemba

Nimeshona ngata kubwa ya kukalia. Vipande vilivyobaki vya bendera: kijani, nyeusi, dhahabu. Ndani nimeshindilia pamba aliyoniletea shemeji kutoka Magu. Nikakaa. Nikaruka.

Pamba ilikuwa ya shambani, mbegu zote zimo. Fundi wa miaka ishirini na mitano.

Mama Salma kacheka mpaka kashika ukuta. Jioni tumechambua mbegu moja moja, yeye amekaa mkekani, mimi nimelala kifudifudi. Kila mbegu iliyotoka alinionyesha na kucheka upya. Tangu Nairobi sijamsikia akicheka hivyo. Laiti ningejua, ningekosea mapema.

Ijumaa, 24 Novemba

Nimekaa robo saa. Nimekaa.

Jumatano, 29 Novemba

Nusu saa. Bendera mbili nimezishona nimekaa. Maharage nimeacha, maziwa nimeacha, pilipili sitaki hata kuiona sokoni. Mama Salma anasema nimekuwa mgeni wa heshima nyumbani kwangu, napikiwa changu peke yangu.

Nimempelekea Hamisi ujumbe. Nitaozesha mwenyewe.

Kuhusu ngata, hapana kumwambia mtu. Nitaiweka chini mwisho kabisa na kuifunika kwa kanzu.

Jumamosi, 2 Desemba

Nansio. Katika meli nilisimama njia nzima karibu na mlango wa choo. Abiria watatu walinidhania msimamizi wake, wakaniomba ruhusa. Nikawaruhusu.

Ngata imo kapuni, chini ya kanga za Mama Salma. Salama.

Naogopa.

Jumapili, 3 Desemba

Nitaandika yote nisije nikasahau.

Alfajiri chooni mara tatu. Tangu jana adhuhuri sijala kitu isipokuwa wali mkavu. Nikavaa kanzu, nikaliendea kapu. Kanga zipo, ngata haipo.

Mama yangu alilifungua asubuhi kutafuta kanga, akaona ngata mpya. Ngata ni ngata. Akawapa wanawake waliokuwa wanakwenda ziwani kuteka maji ya pilau. Alinieleza kwa fahari. Alidhani nimemletea zawadi.

Wanaume walikuwa wamekwisha kaa. Sheikh tayari. Bwana harusi, Idi, mwalimu wa shule, jasho linamtoka. Hamisi akasogea na kanzu yake iliyonyooshwa vizuri.

"Kaka, niachie tu," akaninong'oneza.

Salma alikuwa nyuma ya pazia. Niliiona miguu yake yenye hina.

Nikasema kwa sauti kwamba tungoje, ngata yangu iko ziwani. Wakanitazama. Basi nikasema yote. Kwamba si tumbo. Kwamba ilikuwa saratani, na mahali ilipokuwa, na kwamba bila ngata ile siwezi kukaa. Mahali nilipataja kwa jina lake, mbele ya sheikh na wakwe.

Kuku tu ndio walioendelea na mazungumzo yao.

Babu yake Idi akakohoa. "Mimi nina bawasiri tangu wakati wa Mjerumani," akasema. "Ukishamaliza, mwanangu, niazime."

Walicheka wote. Sheikh alijifunika uso kwa kitabu. Mtu akatumwa mbio, na ngata ikaja imelowa, inachuruzika. Nikaikalia mbele ya macho ya watu wote. Ubaridi wake ulinifaa kuliko dawa za Nairobi.

Nikamshika Idi mkono. Hotuba ndefu. Tumbo likaanza kunguruma. Maneno yangu niliyasema bila kukosea hata moja. Idi akajibu, akasahau kutaja mahari. Sheikh akasema turudie. Tukarudia. Akakwama katikati.

Sasa jasho lilikuwa langu. Nikamwinamia. "Baba, jikaze. Mimi sina muda mrefu."

Mara ya tatu aliyasema yote kwa pumzi moja.

Vigelegele. Nikainuka. Wanaume wakanipisha, maana sasa kila mmoja alijua naenda wapi. Vigelegele vikanisindikiza mpaka mlangoni mwa choo. Nimewahi.

Baadaye Salma alikuja kunipa mkono. Shikamoo, baba. Marahaba. Hamisi alilia kuliko wanawake wote.

Jumatatu, 4 Desemba

Nimelala mpaka jua limepanda. Nyama yote ya pale inauma. Nimecheka peke yangu kitandani.

Jumapili, 10 Desemba

Mwanza. Uhuru ulikuwa jana. Bendera kila mlango, nyingi ni zangu, nazitambua kwa mshono. Nilishangilia karibu na nyumbani, kwa sababu zinazojulikana.

Chooni mara tano leo. Daktari alisema huenda ikabaki hivi.

Nansio wameagiza ngata nne. Wa kwanza ni babu yake Idi, anataka ya rangi za bendera kama yangu. Nimeirudisha cherehani kwenye meza yake fupi ya zamani, nikavuta kiti, nikakaa. Mama Salma kauliza kama inauma.

Inauma. Nikamwomba aniletee uzi wa kijani.